Koti la Njano Kwenye Ukungu

Katika kiwanda kile cha sare za shule, nguo haitoki mpaka ipite mikononi mwa mwanamke mmoja. Meza yake iko hatua tatu kutoka mlango wa stoo, chini ya taa mbili ndefu ambazo hazizimwi hata jua likiwaka. Huigeuza blauzi nje ndani, akavuta mshono wa bega kwa vidole gumba, akapitisha ukucha kwenye pindo na kuhesabu vifungo kwa kupapasa, macho yakiwa tayari kwenye blauzi inayofuata. Iliyo safi huenda kulia. Yenye kasoro hufungwa utepe mwekundu na kurudi kwa aliyeishona, na aliyeishona hujua kwamba kubisha ni kujichosha. Kazi hiyo ameifanya miaka ishirini na miwili. Wenzake wanamwita Mkaguzi, na jina limemganda kiasi kwamba hata mwenye duka la baiskeli, chini ya vyumba viwili anavyoishi peke yake, humwita hivyo hivyo.

Tabia ya kazini amehamia nayo nyumbani. Kila asubuhi hukagua jiko la gesi, bomba, dirisha, kisha kufuli. Akifika ngazi ya nne hurudi kulitazama bomba tena.

Kwa hiyo wafanyakazi walipoanzisha kikundi chao cha kupanda milima, hakuna aliyeuliza nani atembee wa mwisho. Mbele alitangulia fundi wa cherehani, mtu mrefu mwenye sauti ya chini waliyempachika jina la Nahodha. Nyuma alikaa Mkaguzi, na nafasi yake iliitwa mkia.

Utaratibu wao waliubuni wenyewe. Kila njia inapogawanyika, Nahodha hufunga kipande cha kitambaa cha rangi ya machungwa, mabaki ya vizibao vya walinzi, upande wa njia iliyo sahihi. Wengine hukifuata hata kama wameachana mwendo. Mkia akifika, na akiwa na hakika kwamba hakuna aliyebaki nyuma yake, hukifungua na kukitia mfukoni, maana kikundi kilijivunia kutoacha mlimani hata uzi. Sheria ya pili ilihusu haja. Anayetaka kuchepuka huliacha begi lake katikati ya njia. Mkia akilikuta husimama hapo, akatazama upande mwingine, akangoja. Kwa miaka saba Mkaguzi alishuka na idadi ileile ya vitambaa ambayo Nahodha alipanda nayo, na watu walewale.

Safari hii waliongezeka mmoja, na aliyemleta ni Mkaguzi mwenyewe.

Alikuwa mume wa marehemu dada yake. Alikuwa ametembea mitaa ya mji kwa miaka thelathini akisoma mita za maji, akastaafu na miguu ambayo vijana walimwonea wivu. Dada alipozikwa, miguu ile ikasimama. Kwa miezi kumi na minne alitoka nyumbani kwa mambo mawili tu, mkate na betri za redio. Binti yake, anayeuza dawa kwenye duka la jirani na kiwanda, ndiye aliyekuja hadi kwenye meza ya Mkaguzi wakati wa chakula cha mchana, akasimama huku akichezea utepe mwekundu. Alieleza kwamba baba sasa anabishana na mtangazaji wa taarifa ya habari, tena kwa heshima, kama anayebishana na mgeni. Aliomba achukuliwe, aende popote penye watu.

Mkaguzi alifurahi kuombwa. Alimshonea shemeji yake koti la mvua la njano kali, mifuko minne, kila mshono mara mbili. Alipomjaribishia alimwambia kwamba hata akijificha kwenye pango, koti hilo litamsema. Shemeji alijitazama kwenye kioo cha kabati, akauliza kama amestaafu au ameajiriwa kuongoza magari.

Asubuhi ya safari, saa kumi na moja na nusu, binti alimfikisha baba yake kwenye basi dogo walilokodi. Alimvuta Mkaguzi kando, karibu na gurudumu la nyuma.

"Mama Mdogo, nimebaki na yeye tu," alisema. "Nakuachia wewe, si kikundi."

Mkaguzi alimjibu kwamba yeye ndiye atakayekuwa nyuma ya kila mtu, na kwamba aliye mbele yake hapotei. Alisema hivyo akimnyoosha binti kola.

Walianza kupanda saa moja. Watu kumi na tisa. Njia ile ilikuwa ngumu kuliko zote walizowahi kuzijaribu: kwanza msitu mwembamba wenye mizizi inayoteleza, kisha chemchemi, halafu mgongo wa mlima wenye mawe makali ambapo mahali pawili mtu hupanda kwa kushika mnyororo wa chuma uliopigiliwa kwenye jabali. Nahodha alikuwa amewaonya juma zima. Alisema ukungu wa mlima huo hautangulizi barua.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Mkata vitambaa, mzee mnene asiyenyamaza, alitembea sambamba na mgeni akimpa siri za kiwanda. "Shemeji, huyu aliye nyuma yako ogopa kidogo," alimwambia. "Akiona uzi unaning'inia kwenye suruali yako, anakufunga utepe mwekundu na kukurudisha kwa mama yako akakuzae upya." Shemeji akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha mtu anayejaribu kiatu kilichokaa sana kabatini, lakini kilikuwa kicheko, na Mkaguzi alikisikia akajisikia mwepesi.

Wepesi huo haukudumu. Baada ya saa moja aliona shemeji yake akipunguza mwendo na kushika tumbo. Mara ya kwanza aliacha begi njiani kama alivyofundishwa, na Mkaguzi akasimama kulilinda akitazama miti. Mara ya pili vilevile. Safari hiyo alirudi ameinamisha uso. Mkaguzi alimuuliza kama anataka kushuka. Alijibu kwamba ni mayai ya asubuhi, yatapita. Toka hapo alitembea hatua chache mbele yake bila kugeuka. Alikuwa wa mwisho kati ya wote, na Mkaguzi alianza kumtumia kama alama: akimwona yeye mbele, basi wote wako mbele.

Chemchemini walipumzika. Hapo ndipo ukungu ulipowafikia, kwanza miguuni, kisha viunoni. Baridi iliingia. Mkata vitambaa alibanwa na msuli wa paja akapiga yowe, na Mkaguzi akapiga magoti kumkanda huku wengine wakijaza chupa na kuanza kuondoka mmoja mmoja. Alimkanda kwa dakika kumi hivi, akamsimamisha, akamtanguliza. Akageuka kukagua mahali pale. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na begi njiani. Akafuata.

Robo saa baadaye alifika njia panda. Kulia ilikwenda njia pana, imenyooka, ya kupendeza mguu. Kushoto kulikuwa na kijia kinachopanda kati ya mawe mawili, na juu ya jiwe moja kitambaa cha Nahodha kimebanwa kwa kokoto. Alisimama akatazama juu. Ukungu ulifunguka kwa muda wa pumzi tatu. Aliwaona wenzake wachache kwenye mteremko, migongo imeinama, na nyuma yao kidogo koti la njano likipanda polepole, mkono ukishika jiwe.

Alikitoa kitambaa, akakikunja mara mbili, akakitia mfukoni.

Mgongoni mwa mlima hapakuwa na nafasi ya kuwaza lingine. Mnyororo ulikuwa umelowa na baridi yake ilipita kwenye glavu. Alimsukuma mkata vitambaa kwa bega mahali pawili. Koti la njano liliendelea kuonekana, kupotea na kuonekana tena, na kila lilipoonekana moyo wake ulitulia. Aliona hata kwamba mwendo wake umeboreka, akafikiri tumbo limekaa sawa.

Kileleni walifika saa sita kasoro. Watu walikuwa wamejibanza nyuma ya ukuta wa mawe wakila mikate. Mwenye koti la njano alikaa pembeni amewapa mgongo, kofia imeshuka hadi machoni. Mkaguzi alifungua chupa ya chai, akaenda akamgusa bega.

Aliyegeuka alikuwa dada wa mapokezi, yule msichana anayepokea simu za kiwanda.

"Shemeji yuko wapi?" Mkaguzi aliuliza.

"Si yuko nyuma na wewe?" Msichana alianza kulifungua koti zipu kama aliyekamatwa nalo. Alieleza haraka kwamba alikuja na sweta jepesi, kwamba pale chemchemini meno yalikuwa yanagongana, na mzee wa watu akamvisha lake akisema wataonana juu, yeye anachelewa kidogo.

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amekagua nguo bila kumwona anayezivaa, na leo alikuwa amefanya hivyo hivyo.

Nahodha alihesabu. Kumi na wanane. Alihesabu tena kwa kumgusa kila mtu kichwani, kisha akamjia Mkaguzi.

"Njia panda ulimwona akipita?"

"Nilimwona," alisema.

Jibu lilitoka kabla hajalipima. Halikuwa uongo mtupu. Kuna kitu alikiona. Nahodha alilichukua jibu hilo kama anavyochukua nguo iliyopita meza ya Mkaguzi, bila kuigeuza. Akasema kama alipita njia panda basi yuko kwenye mgongo wa mlima, na kama yuko kwenye mgongo na hawajakutana naye, ameteleza. Akaanza kupanga: watu wawili wawili, kamba mbili, kila jozi itazame chini ya kipande chake cha mteremko. Wanaume walikuwa wanafunga mafundo.

Mkaguzi alisimama na chai mkononi. Alijua kila kilichokuwa kinaharibika. Akinyamaza, watamtafuta mtu mahali ambapo hayupo, na saa mbili zitapita wakining'inia kwenye mawe. Akisema, miaka saba inaanguka mbele ya watu kumi na saba ambao amewarudishia kazi zao bila kuwaonea huruma hata siku moja. Na nyuma ya hao alimwona binti, karibu na gurudumu la basi. Ilimchukua dakika mbili. Baadaye, kila aliposimulia, hakuzipunguza hizo dakika.

"Ngoja," alisema. "Sikumwona yeye. Niliona koti."

Nahodha aliacha kamba. "Na kitambaa?"

Alikitoa mfukoni. Kilikuwa kimekunjwa mara mbili, kisafi.

Dada wa mapokezi alianza kulia. Nahodha alikitazama kile kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akasema kwa sauti yake ileile ya chini, "Basi amekwenda kulia. Kule hakuna njia siku hizi."

Alieleza huku akiteremka, maana waliondoka papo hapo: yeye, vijana wawili wa ghala wenye kamba, na Mkaguzi aliyekataa kubaki. Njia ya kulia iliwahi kwenda kwenye machimbo ya mawe yaliyofungwa. Kwa dakika ishirini humpa mtu moyo, pana kama barabara. Kisha mlima umeporomoka na kuibeba, pamebaki ukingo wa upana wa futi moja hivi, na chini yake korongo. Asiyeijua akiwa kwenye ukungu haoni inapoishia.

Kwenye mgongo wa mlima simu ya Mkaguzi ilishika mtandao ikatikisika. Binti alikuwa amepiga mara mbili na kutuma ujumbe akiuliza kama wameshafika kileleni, na kama baba amekula. Aliirudisha mfukoni.

Walifika njia panda saa saba. Walishika kulia. Nahodha aliita, akanyamaza asikilize, akaita. Jabali lilimrudishia sauti yake. Mkaguzi alitembea akitazama pembeni, si mbele, na ndiyo maana yeye aliuona uzi: sufu ya kijivu, urefu wa kidole, imenaswa kwenye mwiba kando ya njia, usawa wa kiuno. Aliushika akaubana kati ya kucha mbili. Sufu ya nyuzi tatu, iliyosokotwa kwa kulegea. Dada yake alilifuma hivyo sweta la mumewe, kwa kulegea, na walikuwa wakigombana kwa ajili hiyo. Uzi ulikuwa mkavu ndani na umande nje. Ulikatika leo.

"Amepita hapa," alisema, na kusema hivyo hakukumpa nafuu. Angalau kabla ya hapo kulikuwa na uwezekano kwamba alirudi chemchemini.

Njia ilianza kupungua. Kijana mmoja wa ghala alikanyaga jiwe, likaondoka, wakalisikia likigonga, likigonga, halafu wasilisikie tena. Nahodha aliwasimamisha wote. Mkaguzi akajaza kifua.

"Shemejiii!"

Kisha, mbele na chini kidogo, sauti ya mtu anayeongea bila kutaka kutikisa chochote: "Nipo. Msije wote. Ukingo unacheza."

Alikuwa amevuka sehemu iliyoporomoka karibu yote. Hatua nne kabla ya ng'ambo, goti lilikataa kukunjuka, na alipotaka kurudi akagundua kwamba hawezi kugeuka. Akaketi. Alikaa hapo zaidi ya saa moja na nusu, mgongo kwenye jabali, miguu ikining'inia kwenye ukungu, akiwa na sweta tu. Midomo ilikuwa imebadilika rangi.

Nahodha alifunga kamba kwenye mwamba, akajifunga mwenyewe, akaenda kwa kutambaa. Alimfunga kifuani. Lakini mzee alipoambiwa asogee kwa makalio kurudi alikotoka, hakusogea. Alisema anaona sawa kila kitu, ila mwili haumsikilizi. Nahodha alimsihi, vijana wakamsihi. Ukungu ulikuwa unazidi.

Mkaguzi alilala kifudifudi pembeni, akatoa kichwa na mabega kwenye ukingo ili amwone, akaanza kumwambia mambo madogo. Mkono wa kushoto kuna jiwe lenye ufa, shika ufa. Sasa kisigino cha kulia, inchi mbili, hapo, usitazame. Alimwambia kila kinachogusa mwili wake kabla hakijaugusa. Shemeji alisogea. Kisigino, kiganja, makalio. Mara moja kokoto zilimtoka chini ya paja na kamba ikakaza, na Mkaguzi alisikia pumzi ya kijana nyuma yake ikikatika, lakini hakubadilisha sauti. Ukingo wa mita saba uliwachukua nusu saa.

Walipomvuta kwenye udongo mgumu, alilala chali akatazama juu pasipoonekana kitu. Walimvisha makoti mawili. Chai ilikuwa vuguvugu tu, lakini aliinywa kwa kushikiwa kikombe. Vijana walisogea kando na Nahodha kukata fito za kumfanyia mikongojo.

"Nilikitafuta kile kitambaa," alisema shemeji. "Nilizunguka yale mawe mara mbili. Nikasema kama hakipo, basi hapa siyo njia panda waliyoisema, niendelee na njia kubwa."

"Nilikiondoa mimi. Niliona koti lako juu, nikadhani umepita."

Mkaguzi aliendelea, kwa kuwa lilikuwa limebaki la pili, na la pili lilikuwa gumu zaidi: kwamba kileleni alipoulizwa alisema amemwona, na walikuwa wanaanza kumtafuta kusiko.

"Muda gani?"

"Dakika mbili."

Shemeji alifumba macho, kama anayezipima. "Na mimi sikuacha begi," alisema. "Mara ya tatu, pale chemchemini, nililibeba nikaenda nalo kichakani."

"Kwa nini, shemeji?"

"Nikusimamishe tena njiani, dada wa mke wangu, unilindie begi kama mtoto?" Aligeuza uso. "Niliona haya."

Walishuka polepole, yeye akiwa katikati ya vijana wawili, goti limefungwa kwa kitambaa. Wengine waliwakuta chemchemini. Dada wa mapokezi aliliweka koti la njano juu ya begi la mzee. Mkata vitambaa alijaribu mzaha mmoja, ukamfia mdomoni, akaamua kubeba mabegi ya watu. Chini ya msitu Nahodha alimwambia Mkaguzi, bila ukali, kwamba safari ijayo mkia utakuwa na watu wawili, na kwamba watahesabu nyuso. Hakumwambia kama yeye atakuwa mmojawapo, naye hakuuliza.

Mtandao ulirudi walipoliona basi. Simu ililia papo hapo. Mkaguzi aliishika mkononi, jina la binti likiwaka.

"Usimwambie," alisema shemeji. "Mwambie nimeteleza kidogo, basi. Akisikia yale mengine atanifungia ndani mpaka nife. Na mimi sitaki. Umenielewa? Nataka kutoka tena."

Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya basi, tope hadi kifuani, na hayo yalikuwa maneno marefu kuliko yote aliyoyasema siku nzima. Mkaguzi alimtazama. Angeweza kumpa hilo. Lilikuwa jambo dogo, na aliyeliomba ndiye aliyeumia.

"Siwezi, shemeji," alisema. "Nimeshanyamaza leo. Nitamwambia, na nitamwambia pia hilo ulilosema sasa hivi, kwamba unataka kutoka tena. Akitaka kunitukana anitukane mimi."

Simu ilikatika. Ikaanza tena. Shemeji alinyoosha mkono wenye michubuko, akaichukua yeye.

"Niko salama," alisema. "Goti tu. Hapana, si tumbo... ndiyo, na tumbo. Sikiliza. Mama Mdogo wako ana maneno. Msikilize mpaka mwisho, usimkatize."

Akamrudishia. Mkaguzi aliishika kwa mikono miwili. Upande wa pili binti alikuwa ameacha kuuliza. Ilisikika pumzi yake tu, ikingoja. Mkaguzi akaanzia kwenye njia panda.